Kigugumizi cha Kompyuta

Tuseme ukweli mapema tusizungushane: kompyuta haikuwa na kosa lolote. Wiki kumi na moja Fundi aliitukana, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaibadilishia viungo kimoja baada ya kingine, na masikini ile mashine ilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa alikuwa mkewe, aliyekaa nyuma ya mlango, hatua sita kutoka kwenye kiti cha mumewe. Kila siku ugonjwa ulijitangaza wenyewe masikioni mwa Fundi, naye kila siku akachukua bisibisi.

Wote wawili walikuwa wamestaafu. Yeye alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio kwa miaka ishirini na tisa, na jina la kazi lilimng'ang'ania hadi nyumbani, hata mkewe akamwita Fundi. Mkewe alifundisha shule ya msingi mpaka mvi zikamjaa kichwani, na mumewe akamwita Mwalimu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Watoto walishaondoka zamani, kila mmoja na maisha yake. Kisha shule moja ya wanafunzi wasioona ikawaomba wasaidie kuvisoma vitabu vya darasani kwa sauti na kuvirekodi. Hapo wakapata kazi ya kuzeekea pamoja. Mwalimu anasoma, Fundi anarekodi.

Chumba cha watoto wakakigeuza studio. Magodoro mawili yakaegemezwa ukutani, mablanketi yakafunika dirisha, mlango ukatundikiwa pazia zito. Kompyuta yao ilikuwa na feni inayovuma kama mtu mwenye mafua, kwa hiyo ikabaki sebuleni, na waya wa kipaza sauti ukapitishwa chini ya mlango. Mwalimu alijifungia ndani na kitabu chake, taa ya mezani na chupa ya maji. Fundi alikaa sebuleni na hedifoni masikioni. Hakumwona mkewe, na hata sauti yake hakuisikia moja kwa moja, kwani kila neno lilimfikia likiwa limepita kwenye waya na kwenye mashine. Na kabla ya kumfikia lilichujwa. Fundi aliweka programu ya kuondoa kelele: Mwalimu akisema, inafungua, akinyamaza, inafunga papo hapo, isipite hata pumzi. Aliipanga kwa mkono wake na aliringa nayo. Redioni, alipenda kusema, walimfundisha kwamba msikilizaji hataki kusikia kiti kinavyolia.

Ilianza Jumanne moja, kwenye kitabu cha jiografia. Mwalimu alikuwa katikati ya sentensi, silabi moja ikajirudia mara mbili tatu, kisha pakawa na pengo tupu, limekatwa kwa wembe, halafu sauti ikarudi na kuendelea na habari za mito. Sekunde nne hazikutimia. Yeyote aliyewahi kusikiliza muziki kwenye kompyuta iliyochoka anaujua mkwamo wa namna hiyo, na Fundi aliujua kuliko wengi. Akasimamisha kurekodi, akapaza sauti kuelekea mlangoni, akamwambia Mwalimu kompyuta imekwama, arudie sentensi. Mwalimu akarudia. Alasiri ikakwama tena.

Basi mzee akaingia kazini. Alinunua daftari la kurasa mia, akalichora safu nne: tarehe, saa, urefu wa mkwamo, na sababu inayoshukiwa. Maana fundi wa kweli, alisema, habahatishi, anaandika. Wiki ya kwanza alifunga kila programu isiyo ya lazima na kuizima intaneti. Ikakwama. Akabadilisha waya. Ikakwama. Akahamisha waya kutoka tundu la mbele kwenda tundu la nyuma, akaongeza akiba ya sauti ili mashine ipate nafasi ya kupumua, akaikataza kompyuta isijipunguzie umeme, akaitoa programu ya kufukuza virusi kwa kuwa ndiyo inayosifika kwa kujiingiza katikati ya shughuli za watu. Ikakwama mara tano kwa siku moja. Rafiki yake wa zamani wa redioni akamwazima kadi ya sauti, ya kigeni, ya gharama, na Fundi akaipachika kwa adabu kama anayemlaza mtoto mchanga. Siku mbili za kwanza kulikuwa shwari na alitembea kifua mbele. Siku ya tatu ikakwama saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, akaandika.

Hapa sasa ndipo ungetamani kumshika mtu shati. Wiki ya tano, Fundi alifanya jaribio la maana. Aliweka redio ndogo mbele ya kipaza sauti, akafunga mlango, akairekodi saa mbili nzima. Haikukwama hata mara moja. Kesho yake akaingia mwenyewe studio, akasoma gazeti mpaka koo likakauka, akatoka kusikiliza. Safi, maji ya mtungini. Akaingia Mwalimu, na hata nusu saa haikupita, ikakwama. Mtu mwingine yeyote, hata asiyejua kuwasha kompyuta, angejiuliza swali moja tu hapo. Fundi alikuna kidevu, akaandika kwenye safu ya sababu kwamba sauti ya mwanamke ni nyembamba na huenda kipaza sauti hakielewani nayo. Akaenda kutafuta kipaza sauti kingine.

Si kwamba alikuwa mjinga, wala si kwamba hakumpenda mkewe. Alimpenda, tena waziwazi, mpaka majirani waliwatania. Ila alikuwa na miaka ishirini na tisa ya kuamini kwamba sauti ikiharibika, chombo ndicho kibovu. Hakuwahi hata mara moja kufungua mlango wa studio kumtazama aliyekuwa anasoma, na kwa nini amtazame, wakati hedifoni zilikuwa zinamwambia kila kitu?

Mwalimu mwenyewe hakuwa na habari. Kwake hakukuwa na pengo. Alisoma, akasikia mumewe akimwambia kupitia mlangoni kuwa imekwama, akarudia. Siku moja tu, walipokuwa wanakunywa chai, alimuuliza jambo huku akikoroga sukari taratibu.

"Hivi, Fundi, hiyo mashine ikikwama, mimi kule ndani nakuwa nafanya nini?"

Fundi akacheka. Akamwambia anakuwa anasoma vilevile, ila mashine inammezea maneno. Mwalimu akasema haya, akanywa chai yake. Mkono wake wa kulia siku hizo ulikuwa unaangusha vijiko, lakini hilo walikwisha kulipa jina: uzee.

Aliyeona kwanza alikuwa mdogo wake Mwalimu, mshonaji wa nguo, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwekewa breki. Alikuja Jumapili kupima gauni la dada yake, na kabla ya kuondoka akamvuta Fundi barazani. Akamwambia dada anaganda. Alikuwa anamsimulia habari za mteja mmoja, akashangaa dada anamtazama kama anayetazama ukuta, vidole vinachezea upindo wa gauni, kisha baada ya kitambo akamuuliza umefika saa ngapi. Fundi alimjibu kwamba shemeji kwa kuongea kwako, hata mimi huwa nazima masikio. Wakacheka wote. Mwalimu alipotoka kuuliza wanacheka nini, akasimuliwa, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Shemeji akaenda zake, na moyoni akajiambia labda kweli anatia chumvi.

Kazi haikusimama. Fundi alikuwa na mkono mwepesi wa kukata na kuunga. Jioni za mapema alikaa na rekodi za siku hiyo, akalikata kila pengo, akaitupa silabi iliyojirudia, akaunganisha ncha kwa ncha mpaka hata yeye asijue mshono ulipo. Shule ikapelekewa vitabu visivyo na doa. Mkuu wa shule akapiga simu kusema watoto wanamsifu mama msomaji, wanasema hachoki wala hakosei. Fundi aliiweka simu kwenye spika ili mkewe asikie, na Mwalimu akajifuta macho kwa ukingo wa khanga. Walifurahi siku ile, na ni vizuri walifurahi, kwani hawakupata siku nyingine ya namna hiyo.

Wiki ya kumi na moja Fundi akachoka. Mikwamo ilikuwa imefika kumi na minne kwa siku na mingine ilikaribia sekunde tisa. Akapiga moyo konde, akahamisha rekodi zote pembeni, akaifuta kompyuta yote mpaka ikawa kama imetoka kiwandani, kisha akaiwekea mfumo upya. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshaweka programu ya kurekodi tu. Ile ya kuchuja kelele hakuiweka, kwa sababu alitaka kuijaribu mashine ikiwa tupu, bila kitu cha kusingizia.

Saa nne mvua ikaanza kugonga mabati. Kwa kawaida mvua ikinyesha hawarekodi, wanakaa wanasubiri. Lakini mitihani ilikuwa imekaribia na kitabu cha sayansi hakijafika nusu, na Mwalimu akasema kupitia mlangoni kwamba ni majaribio tu, acha inyeshe. Akaanza kusoma sura ya wadudu. Fundi akavaa hedifoni. Sauti ya mkewe ilikuja ikiwa imezungukwa na mvua, na mzee alikunja uso kwa uchafu ule, ila akavumilia.

Mwalimu alisoma kwamba kiwavi hula majani mengi, hunenepa, kisha hu-hu-hu, na hapo akakatika.

Mvua haikukatika.

Fundi aliisikia ikiendelea kugonga mabati, tone kwa tone, haikuruka, haikujirudia. Akatazama kioo cha kompyuta. Mstari wa sauti ulikuwa unatembea vilevile, mnene kwa mvua, hauna pengo hata la unywele. Na hapo akaelewa, kabla hajataka kuelewa. Kompyuta ikikwama inakwama na vyote. Haina uwezo wa kumchagua mwanamke ikamwacha, kisha ikaibeba mvua. Mahali palipokuwa kimya palikuwa mdomoni mwa mkewe, na ndiko palipokuwa tangu siku ya kwanza, ila ile programu yake ya kuringia ilikuwa inakifuta chumba chote kila mara Mwalimu aliponyamaza, isimwachie hata chembe ya kumgutusha.

Alivua hedifoni. Akazivuka zile hatua sita. Akafungua mlango.

Mwalimu alikuwa amekaa wima, kitabu wazi mbele yake, macho wazi, na hakuwa akitazama kitu. Pembe ya kulia ya mdomo ilikuwa inacheza. Mkono wa kulia ulikuwa unachuna ukingo wa ukurasa, kidogo kidogo, na Fundi aliona kwamba kurasa nyingi za kitabu kile, na za vitabu vilivyopangwa chini, zilikuwa zimechunwa mahali palepale. Akamwita jina lake la Mwalimu. Akamwita na jina lake la usichana, ambalo hakulitumia tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Hakuitika. Kisha macho yakarudi, akashusha pumzi, na akaendelea kusoma jinsi kiwavi anavyojisokotea nyuzi, akafika mwisho wa sentensi ndipo akamwona mumewe mlangoni. Akakasirika. Akamuuliza anaingiaje wakati wa kurekodi, si ameshaiharibu kazi.

Hospitali walikaa siku tatu wakizungushwa kutoka chumba hadi chumba. Picha ya kichwa ilipotoka, daktari, binti ambaye angeweza kuwa mzaliwa wao wa mwisho, aliwaeleza wote wawili bila kuficha. Kule kukatika ni kifafa cha aina isiyomwangusha mtu, na kinachokileta ni uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Atafanyiwa upasuaji kesho asubuhi. Mwalimu alisikiliza kama alivyozoea kusikiliza wazazi wa wanafunzi, mikono mapajani. Aliuliza kama atanyolewa nywele zote.

Baadaye alipopelekwa kutolewa damu, daktari akambakiza Fundi ofisini. Alitaka kujua kifafa kilianza lini. Ndugu wengi, alisema, hapo hubahatisha tu. Fundi akatoa daftari kwenye mfuko wa koti. Daktari akalifungua, akasoma tarehe, saa, sekunde. Akafunua kurasa taratibu, kutoka mara mbili kwa siku hadi kumi na nne. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuletewa mgonjwa aliyeandikwa vizuri namna hii. Kisha macho yake yakahamia kwenye safu ya nne, akasoma waya, akasoma feni, akasoma kadi ya sauti, akasoma sauti nyembamba ya mwanamke, akalifunga.

Fundi alimuuliza kama wangekuja wiki ile ya kwanza ingekuwaje.

Daktari alikuwa na huruma, na pengine ingekuwa afadhali angekuwa nayo zaidi. Alisema hawezi kuapa. Alisema uvimbe wa aina hii unakwenda mbio, na mwanzoni, kwa jinsi mikwamo ilivyokuwa mifupi, huenda ulikuwa pembeni na ungetolewa wote. Sasa umeshaingia sehemu inayotengeneza maneno. Watatoa wanachoweza, na huenda wakitoa hicho, maneno nayo yakapungua. Mwisho akampa maagizo: akikatika tena, tazama saa, mshike asianguke, usimpe kitu mdomoni, hesabu mpaka arudi.

Mwalimu, pamba imebandikwa mkononi, alimkuta mumewe kwenye benchi la ukumbini. Dirisha lilikuwa linaingiza jua la alasiri na mhudumu alikuwa anapiga deki upande wa mbali. Akakaa karibu yake, akamtazama, na baada ya miaka yote ile hakuhitaji kumtazama mara mbili.

"Ulimuuliza nini daktari?"

Fundi angeweza kudanganya, lakini alikuwa amejaa mpaka shingoni, akamwaga yote. Alimwambia kwamba aliuliza kama wangewahi. Alimwambia alichojibiwa. Alimwambia habari ya kile kichujio, na ya redio iliyosoma saa mbili bila kukwama, na ya shemeji barazani. Alisema kila kitu akitazama sakafu, na alipomaliza, mkewe alikaa kimya muda mrefu, kimya cha kawaida, cha mtu anayefikiri.

"Kwa hiyo ulinisikia," akasema.

"Nilikusikia."

"Kila siku."

"Kila siku, mke wangu. Mara kumi, mara kumi na nne."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia jambo ambalo Fundi hakuwa analijua. Wiki ya tatu alivaa viatu aende zahanati. Alikuwa anapoteza mstari kwenye ukurasa, anajikuta aya ya chini bila kukumbuka ya juu, na akaogopa. Alifika getini akiwa na mkoba wake. Hapo akajiambia, Fundi amesema ni kompyuta, na mambo ya sauti Fundi anayajua kuliko daktari yeyote, kwa nini nikawapotezee watu muda. Akarudi ndani, akavua viatu, akaendelea na jiografia.

Fundi alianza kulia bila kujificha. Mhudumu wa deki akageukia ukuta. Mwalimu akamshika mumewe kidevu, akamwinua uso kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wa darasa la kwanza waliojificha nyuma ya madaftari, akamlazimisha amtazame machoni.

"Nisikilize vizuri, kwa sababu kesho sijui kama nitaweza kusema," akasema. "Kwa hili ulilolifanya, Fundi, mimi na-na-na—"

Mkono wake ukalegea kwenye kidevu cha mumewe. Macho yakabaki yamemwelekea, lakini hayakuwa yakimwona.

Fundi akamzungushia mkono asianguke, akatazama saa ya mkononi. Sekunde kumi. Ishirini. Aliutazama ule mdomo uliokuwa unacheza pembeni, akijua kwamba nyuma yake kuna neno moja, ama la kumsamehe, ama la kutomsamehe, na akaliomba litoke, lolote lile, hata liwe chungu. Thelathini. Hakuwahi kumwona akikaa huko muda wote huo. Ilipofika sekunde ya hamsini na moja, Mwalimu akashusha pumzi, akapepesa macho, akaangalia dirisha, akaangalia pamba iliyobandikwa mkononi mwake kwa mshangao kidogo. Uchovu ulikuwa umemjaa usoni. Akageuka akamwona mumewe ana machozi.

"Unalia nini tena, jamani? Ulimuuliza nini daktari?"

Fundi akafungua mdomo. Ili asikie mwisho wa ile sentensi, ilimpasa aanze upya: kuwahi, kichujio, redio, shemeji, yote, neno kwa neno, akitazama uso wake ukipokea kwa mara ya kwanza kwa mara ya pili. Alijaribu. Mungu anajua alijaribu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini ujasiri aliokuwa nao ulikuwa wa mara moja tu, na alikwisha kuutumia.

"Hakuna jipya," akasema. "Nilimuuliza ya kawaida tu. Anasema kesho asubuhi usile kitu, na kwamba tumekuja mapema, tumewahi."

Mwalimu akaegemeza kichwa begani mwake. Akasema haya, kama tumewahi basi vizuri, naye akamwamini.